Kusaka mionzi hafifu kwa gama sanjari: ya kuzingatia unapoanza

Kabla hujaweka sampuli kati ya vigunduzi viwili, soma kwanza jinsi kiini unachokisaka kinavyooza. Njia hii, ya kuhesabu miali ya gama inayofika kwenye vigunduzi vyote viwili kwa wakati mmoja, inafaa pale tu kiini kinapotoa miali miwili au zaidi kwa mpigo. Kobalti-60 hutoa 1173 na 1332 keV (kipimo cha nishati ya mwali). Sesiamu-134 hutoa 605 na 796 keV. Sesiamu-137 ina mwali mmoja mkuu, wa 662 keV, kwa hiyo usiihangaikie hapa. Ipime kwa kigunduzi kimoja chenye ngao nzuri ya risasi.

Ujue pia unachopoteza. Tuseme ufanisi wa kila kigunduzi kwenye kilele, yaani sehemu ya miali kinayoinasa kwa nishati yake yote, ni 2%, na sampuli ina 0.1 Bq (idadi ya viini vinavyooza kwa sekunde) ya kobalti-60. Kigunduzi kimoja kitahesabu kama 170 kwa siku katika kila kilele, ilhali jozi sanjari zitakuwa 7 tu. Hizo 7 zina thamani kubwa kwa sababu mahali zinapoangukia pana usuli (mipigo isiyotoka kwenye sampuli) mdogo mno, ila zitakudai siku kadhaa za kupima. Sogeza sampuli karibu: ufanisi wa vigunduzi vyote viwili ukiongezeka maradufu, jozi huongezeka mara nne.

Dirisha la muda, yaani tofauti ya muda inayoruhusiwa ili mipigo miwili ihesabiwe kuwa jozi, huwasumbua wengi. Vigunduzi vya jemaniamu huchelewesha mipigo ya nishati ndogo, hivyo dirisha finyu huitupa. Dirisha pana nalo hukaribisha jozi za bahati: kwa upana wa mikrosekunde 1 na mipigo 100 kwa sekunde kila upande, utapata takriban 860 kwa siku, zikiwa zimetawanyika kwenye jedwali lote la nishati (ya kigunduzi kimoja dhidi ya ile ya kingine). Zipime kwa dirisha la pili lililocheleweshwa, kisha zitoe.

Adui msumbufu zaidi ni mtawanyiko. Potasiamu-40 ina mwali mmoja wa 1461 keV, lakini mwali huo huacha sehemu ya nishati katika kigunduzi kimoja na kumalizikia katika cha pili. Matokeo yake ni mstari wa mshazari ambao jumla yake daima ni 1461. Jozi ya sesiamu-134 ina jumla ya 1401. Kwa jemaniamu, pengo hilo la 60 keV linatosha kabisa. Kwa vigunduzi vya iodidi ya sodiamu, ambavyo hutenganisha nishati kwa usahihi mdogo zaidi, mstari huingia ndani ya kilele chako. Kipande cha risasi kati ya vigunduzi, kisichoziba sampuli, hupunguza tatizo.

Usikokotoe ufanisi wa jozi kwa kuzidisha tu namba mbili. Miali ya kobalti-60 ina uhusiano wa pembe: kwa nyuzi 180 jozi huzidi zile za nyuzi 90 kwa takriban 17%. Sanifisha kwa chanzo cha kiini kilekile, katika chombo na ujazo uleule wa sampuli.