Mama anafunguliwa kichwa wiki ijayo: tujiandae vipi?

SWALI: Shikamooni madaktari. Mama yetu ana miaka 54. Alianza kuumwa kichwa kila asubuhi, mkono wa kulia ukaishiwa nguvu, na mwezi uliopita akaanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake. MRI imeonyesha uvimbe wa sentimita 4 upande wa kushoto, unaitwa meninjioma. Amepangiwa upasuaji MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Majirani wanatuambia mtu akishafunguliwa kichwa harudi alivyokuwa. Tutarajie nini, na sisi watoto kazi yetu ni ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Meninjioma huota kwenye utando unaoufunika ubongo. Nyingi si saratani, hukua polepole kwa miaka, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa kawaida huukandamiza ubongo tu bila kujipenyeza ndani yake. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, ndiyo maana mkono wa kulia umelegea. Mbano ukiondolewa, mara nyingi nguvu hurudi kwa wiki na miezi. Lakini siku za mwanzo mkono unaweza kulegea zaidi ya ulivyokuwa, au maneno yakamtoka kwa shida, kwa sababu ubongo ulioguswa huvimba. Mkilijua hilo mapema hamtakata tamaa bure.

Kabla ya upasuaji, mpelekeeni daktari dawa zote anazotumia, na za mitishamba pia. Aspirini na dawa nyingine zinazozuia damu kuganda zinahitaji kusimamishwa mapema, aspirini mara nyingi siku 7 kabla, ila si nyinyi wa kuamua. Dawa ya kifafa haiachwi hata asubuhi ya upasuaji. Anaimeza kwa funda dogo la maji, isipokuwa daktari wa usingizi aseme vingine. Kufunga kula ni saa zisizopungua 6 kwa chakula, na 2 kwa maji matupu. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Operesheni nyingi huahirishwa kwa sababu ya kikombe kimoja. Tafuteni pia ndugu wa kuchangia damu kabla ya siku yenyewe, maana baadhi ya meninjioma zina mishipa mingi ya damu.

Chumba cha upasuaji atalazwa usingizi kamili, na mpira wa kupumulia utapita kooni. Kichwa hubanwa na kifaa chenye ncha tatu kisitikisike hata kidogo. Msishangae mkiona vidoti vya vidonda mbali na mshono. Ngozi hukatwa, mara nyingi nyuma ya mstari wa nywele. Fuvu hutobolewa matundu madogo kwa drili, kisha msumeno mwembamba huunganisha matundu hayo na kipande cha mfupa hunyanyuliwa kama kifuniko. Utando hufunguliwa. Uvimbe hautolewi mzimamzima: hupunguzwa kwanza kutoka katikati, na ganda lake likishanywea, hubanduliwa taratibu kutoka kwenye ubongo. Utando hushonwa, mfupa hurudishwa na kufungwa kwa vibati vya titani au nyuzi, ngozi hushonwa au kubanwa kwa pini. Hesabuni saa 4 hadi 6, na zaidi uvimbe ukiwa mahali pagumu. Muda mrefu pekee si dalili mbaya.

Pengine daktari atawaambia ameacha kipande kidogo. Si uzembe. Uvimbe ukiwa umeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu, kuung'oa wote kunaweza kumletea kiharusi. Kilichotolewa hupelekwa maabara ya patholojia, inayochunguza aina ya uvimbe. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama kuna haja ya mionzi. Msiyasahau, fuatilieni mpaka myapate mkononi.

Usiku wa kwanza atakuwa ICU, chumba cha uangalizi maalumu. Wauguzi watamwamsha mara kwa mara, wamuulize jina na mahali alipo, wammulike macho, wamwambie akaze vidole. Mwacheni aamshwe. Damu ikivuja ndani ya fuvu, mara nyingi huvuja saa za mwanzo, na dalili ya mapema ni mtu kuzidi kusinzia. Siku ya pili na ya tatu jicho la upande wa mshono linaweza kuvimba hadi likafumba, likawa jeusi kama aliyepigwa ngumi. Hutisha, lakini hushuka lenyewe. Koo litauma kwa sababu ya mpira, na taya litakaza akitafuna iwapo msuli wa panja ulikatwa. Mpira wa mkojo hutolewa mapema, kisha atasimamishwa kando ya kitanda na kutembezwa, hata kama anaona uvivu, maana damu huganda miguuni kwa mtu anayelala tu. Mambo yakienda vizuri, wengi hutoka hospitali kati ya siku ya 4 na ya 7.

Nyumbani, jambo linalotuumiza zaidi ni deksamethasoni. Ni steroidi ya kushusha uvimbe wa ubongo. Ikitumika kwa siku nyingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Pakiti ikiisha ghafla mgonjwa hulegea, hutapika, presha hushuka, na ubongo unaweza kuvimba upya. Hupunguzwa kwa ngazi, kila siku chache kipimo kidogo zaidi. Ombeni ratiba iliyoandikwa tarehe kwa tarehe, ibandikeni ukutani, na nunueni dozi yote kabla ya kupanda basi la kurudi Morogoro. Anywe baada ya kula. Dozi ya mwisho isiwe usiku, la sivyo atakesha. Kama ana kisukari, apimwe kila siku, kwa sababu dawa hii hupandisha sukari hata kwa asiye nayo.

Kila asubuhi mfanyieni kipimo hiki. Akae, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, nanyi mhesabu mpaka 10. Mkono ukishuka au kugeuka kuliko jana, pigeni simu wodini siku hiyohiyo. Mrudisheni hospitali bila kungoja kliniki akipata homa ya 38 au zaidi, usaha au maji maangavu kwenye mshono au puani (huenda ni maji ya ubongo), kichwa kinachozidi kuuma pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, au mguu mmoja uliovimba na kuuma. Akishikwa na kifafa, mgeuzeni ubavu na mwangalie saa. Msimtie kijiko mdomoni wala maji. Kikipita dakika 5, ni hospitali mara moja.

Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi 14. Uchovu utadumu wiki 6 hadi 12, na wengine zaidi. Atalala mchana, atakereka na kelele, atasahau jambo dogo. Wageni wa kumpa pole waje wachache na wakae kidogo. Kwa majirani jibu letu ni hili: wengi wenye meninjioma hurudi kwenye shughuli zao, lakini si ndani ya mwezi mmoja.

SWALI: Nilitolewa uvimbe wiki tatu zilizopita. Nikigeuka nasikia tik, tik kichwani, na ngozi ya utosini haina hisia. Je, mfupa umelegea? Naweza kusuka, kubeba ndoo, na kusujudu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Milio hiyo ni ya kawaida. Hutokana na hewa na maji yaliyobaki chini ya fuvu, na mfupa ambao bado unashikana. Hupungua kwa wiki kadhaa. Mfupa ukishuka ukaacha shimo, au ngozi ikatuna, nenda uonwe. Ganzi ipo kwa sababu vijineva vya ngozi vilikatwa. Hurudi kwa miezi, ikianza na mwasho, na sehemu ndogo inaweza kubaki hivyo.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Usiibebe kichwani wala mkononi. Wiki 6 za kwanza usinyanyue zaidi ya kilo 5, na kichwani usiweke mzigo mpaka daktari wako aridhike kwamba mfupa umeshika. Kusuka kungoje kidonda kipone kabisa na vigaga vitoke vyote, na hata hapo iwe mistari iliyolegea. Dawa ya kulainisha nywele ingoje zaidi. Mtandio safi, usiobana, hauna neno. Kwa sasa fanya swala ukiwa umekaa kwenye kiti, na sijda uiashirie kwa kuinamisha kichwa kidogo. Kuinama kabisa hupandisha shinikizo kichwani, na ndipo kizunguzungu na maumivu huja.