Mama mpya, ukiambiwa maziwa hayatoshi hesabu nepi kwanza

Kamwene wadada mliotoka uzazi, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga, Tukuyu na kote kwenye baridi zetu, hongereni sana. Mi ni mama wa watoto watatu, wote wamenyonya, na kila nikienda kumpa mtu hongera nakuta habari ni ileile, mama kakaa kitandani mnyonge, mtoto analia, pembeni kuna shangazi au wifi anasema "huyu hashibi, maziwa yako mepesi". Hilo neno nimeona likiwaachisha kunyonyesha wadada wengi tu ambao maziwa yao yalikuwa hayana shida yoyote, kwaiyo leo niliongelee hilo, mengine yatakuja humohumo.

Siku ya kwanza utaona dang'a, yale maziwa ya njano mazito, na yanatoka kidogo kweli, ukikamua unapata matone unaanza kulia. Usilie mwaya. Tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa mnyonyo mmoja vinamtosha, na hayo ya njano ndo yenye kinga. Kuna bibi zetu mpaka leo wanasema ni machafu yakamuliwe yamwagwe, wewe itikia kwa heshima halafu usimwage hata tone. Mtoto awekwe ziwani ndani ya lisaa limoja tangu azaliwe, hata ukifanyiwa opresheni mwambie nesi akusaidie kumweka ukishakuwa macho. Maziwa mengi yanashuka siku ya tatu hivi, wengine ya nne, uzao wa kwanza na wa opresheni yanaweza kuchelewa kidogo, na hapo katikati ndo watu wanapokimbilia maji ya glukosi na maziwa ya kopo.

Sasa shida ya kopo ni hii. Ziwa linatengeneza kadri linavyonyonywa, likitolewa mengi linaleta mengi, likiachwa limejaa mwili unaelewa kwamba hayahitajiki unapunguza. Ukimpa kopo saa kumi jioni mtoto analala fofofo, ziwa linakaa limejaa mpaka usiku, ukifanya hivyo siku kadhaa maziwa yanapungua kweli na wifi anasema "si nilisema". Mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, na usiku usiruke hata kama umechoka maana homoni ya kutengeneza maziwa usiku ndo inakuwa juu.

Utajuaje anashiba? Angalia nepi. Siku ya kwanza anaweza kukojoa mara moja tu, ya pili mara mbili hivi, inaongezeka, na kuanzia siku ya tano unatakiwa upate nepi 6 au zaidi zilizolowa ndani ya saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo kinaanza cheusi cha kunata, kinakuja kijani, siku ya nne ya tano kinakuwa njano laini. Ndo maana mi wiki za mwanzo napenda nepi za kitambaa kuliko pampasi, pampasi inabeba mikojo mitatu hujui hata kimoja, kitambaa unakibadilisha unajua, jioni unaangalia kamba ya nguo jibu unalo pale (mwezi wa saba Mbeya hazikauki najua, ila kuhesabu utahesabu). Pia kuna kadi ya kliniki. Mtoto anapungua kilo kidogo siku za mwanzo, ni kawaida, ikifika wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Nepi zikiwa kavu, au mtoto analala tu ukimwamsha hanyonyi, au macho yamekuwa ya njano, hapo usibishane na mtu, nenda hospitali sikuhiyohiyo.

Kingine ni chuchu kuchanika. Watu watakwambia vumilia ndo uzazi, hapana, kuchanika mara nyingi ni mtoto kashika vibaya. Fanya hivi, kaa mgongo wako umeegemea, weka mto au kitenge ulichokunja chini ya mkono, mgeuze mtoto mwili wote tumbo lake liguse tumbo lako asiwe amepinda shingo, pua yake ikae usawa wa chuchu. Mguse mdomo wa juu na chuchu, usubiri. Atafungua kidogo, usimpe. Subiri afungue mdomo mpana kama anapiga miayo, hapo ndo unamleta yeye kwenye ziwa haraka, usiinamie wewe kumpelekea ziwa maana utaumwa mgongo mwezi mzima. Akishika vizuri kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umegeukia nje, ule weusi wa kuzunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini, mashavu yamejaa na unasikia anameza gluk gluk. Ukisikia ta-ta-ta na mashavu yanabonyea ndani, kashika chuchu tupu. Usimvute kwa nguvu, ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni ya mdomo wake, ataachia, uanze upya, hata mara tano anzeni upya. Ukimaliza kamua tone la maziwa paka kwenye chuchu iache ipigwe na upepo.

Halafu kuna kile kilio cha jioni, yaani kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku mtoto anataka ziwa kila dakika, akiachia analia, akirudi ananyonya dakika mbili anaachia tena. Wachanga wengi wako hivyo na hapo ndo mama mkwe anakuja na uji mwepesi au dawa ya tumbo ya chupa. Uji ni baada ya miezi 6, kabla ya hapo hata maji hapewi, labda dawa aliyoandikiwa hospitali. Mi namshauri mtu ampe mama mkwe kazi, "mama nisaidie kumbeba nikaoge, mama naomba unipikie ule uji wako wa ulezi", anajiona wa maana na kweli ni wa maana, na habari za miezi sita mwachie mume ndo amwambie mama yake, kwake atazipokea.

Baridi sasa. Huku kwetu mzazi anawashiwa jiko la mkaa chumbani, dirisha limefungwa, mlango umezibwa na kitenge. Jamani hili naomba mnisikie, mkaa unatoa hewa ya sumu ambayo huioni na huinusi, familia zinalala haziamki. Jiko libaki nje. Mtoto anapata joto kifuani kwako, mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mlaze kifua kwa kifua mfunikwe wote blanketi uso wake uwe wazi, na faida nyingine akikaa hapo maziwa yanashuka yenyewe. Ukisikia usingizi unakuja mpe mtu mwingine ambebe.

Chakula sina mengi, kula tu ushibe, ugali maharage mboga, viazi, ndizi, parachichi ndo kwao huku, dagaa, na kila unapokaa kunyonyesha uwe na kikombe cha maji au uji pembeni. Hakuna supu ya lazima, ukiipata kula. Ila pombe hapana, nawaona wa msimu wa ulanzi mnacheka, wanaosema inashusha maziwa wanakudanganya, inapita kwenye maziwa na inazuia yasitoke vizuri.

Na lile la kubemenda, yaani ile imani kwamba mama anayenyonyesha akikutana na mume mtoto anadhoofika, mmeulizia sana inbox. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto ni wewe kushika mimba haraka ukamwachisha, kwaiyo ukienda kliniki ulizia uzazi wa mpango, zipo njia za mama anayenyonyesha.

Kwa wenzangu mnaotumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, na mikoa yetu hii tunajuana tuko wengi, unanyonyesha vizuri kabisa. Meza dawa kila siku bila kuruka, mtoto apewe dawa yake kama nesi alivyokuelekeza, na miezi 6 ya mwanzo iwe ziwa tupu, kuchanganya na uji au kopo ndo kunaongeza hatari.

Ziwa likivimba likawa gumu jekundu na homa juu, endelea kumnyonyesha kwenye hilohilo, ukiliacha lijae linaweza kuwa jipu. Homa isiposhuka kesho yake uwe hospitali.

Mwisho wa kurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo siku 84, mapacha 100, na ukirudi una haki ya kutoka kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, wengi hawaombi kwasababu hawajui. Uliyejiajiri sokoni Mwanjelwa au shambani kwako sheria hiyo haikufikii, wewe beba mtoto au kamua. Nawa mikono, dole gumba juu vidole chini nyuma kidogo ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani halafu minya, achia, rudia huku unazungusha mkono. Yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko, nje masaa 4, kwenye friji siku 4 ila yasikae mlangoni. Yasichemshwe, weka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto. Dada wa kazi ampe kwa kikombe, mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini avute mwenyewe asimiminiwe. Ukirudi jioni vyombo viache, mpe ziwa kwanza, na usiku huo atanyonya kuliko kawaida kufidia mchana, mwachie anyonye.