Kumbukumbu ya MV Bukoba ukiwa mwanafunzi ughaibuni: ya kujua kabla ya 21 Mei

Wengi mnaofika sasa vyuoni nje ya nchi mlizaliwa baada ya 21 Mei 1996. MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria siku hiyo, mmeisikia kwa wazazi, au kwa shangazi anayenyamaza kila redio inapoitaja. Sasa umechaguliwa katibu wa jumuiya ya wanafunzi Watanzania, na mwenyekiti anataka kumbukumbu ifanyike. Kazi yenyewe si kubwa, ila ina mitego, na mingi haionekani mpaka watu wamekwisha kukaa.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Uingereza, Mei ni mwezi wa mitihani. Marekani, vyuo vingi vimefunga na watu wametawanyika kutafuta vibarua. Tarehe ikiangukia katikati ya wiki, chukueni Jumapili inayofuata, na ombeni ukumbi wiki sita kabla. Isitoshe, 21 Mei ndiyo siku ya Umoja wa Mataifa ya utofauti wa tamaduni, kwa hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaweza kuwaalika mlete ngoma na vitenge siku hiyohiyo. Waandikieni mapema kwamba kwenu ni siku ya msiba. Wataelewa, mradi wajue kabla hawajachapisha ratiba.

Saa nayo ni balaa. Ukiandika "saa 10 jioni" kwenye tangazo la Kiswahili, halafu mwenzako akatafsiri na kubakiza hiyo 10, wageni watafika asubuhi mlango umefungwa. Andikeni 16:00 kwenye matangazo yote mawili. Mkitaka kuungana kwa simu na ndugu walioko nyumbani, kumbukeni kwamba saa mbili asubuhi ya Mwanza mwezi Mei ni saa kumi na mbili asubuhi London, saa saba mchana Beijing, na saa saba usiku New York.

Sasa maelezo ya tukio. Hapa msilipue, kwa sababu ndipo kumbukumbu nyingi zinapoharibika. Mpeni mtu mmoja dakika nane, asome kwenye karatasi. Aseme kwamba meli ilitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikapita Kemondo kuongeza abiria na mizigo, na ikapinduka asubuhi ikiwa imekaribia kufika. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana idadi ya waliofariki haijawahi kutulia: inayotajwa mara nyingi ni 894, na wapo wanaokadiria hadi 1,000. Msomaji akitamka 894 kana kwamba walihesabiwa mmoja mmoja, aliyempoteza mtu wa daraja la tatu atajua papo hapo kuwa msomaji hajui anachosoma. Aitaje idadi hiyo, kisha aeleze kwa nini ina shaka.

Kwa sababu hiyohiyo, msijaribu kusoma majina ya marehemu wote kama mnavyoona mataifa mengine wakifanya. Orodha kamili haipo. Wekeni daftari mlangoni, anayetaka aandike jina la mtu wake, na yasomwe hayo tu, hata yakiwa matatu.

Wanafunzi wa uhandisi huwa na swali lao: meli iliyopinduka ilizamaje baadaye? Jibuni kwa ufupi. Ilielea juu chini kwa saa kadhaa, na ilipotobolewa ili kuwatoa walionaswa ndani, hewa iliyokuwa ikiiinua ilitoka, ikazama. Msiongeze habari za sauti zilizosikika humo ndani. Huwezi kujua nani kakaa safu ya nyuma.

Picha zichagueni kwa makini. Ukitafuta kwenye intaneti utaletewa pia MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara mwaka 2018, na MV Spice Islander, iliyozama njiani kwenda Pemba mwaka 2011. Picha usiyo na hakika nayo iache. Bendera ya taifa juu ya meza, yenye utepe mweusi, inatosha. Ila itundikeni sawasawa: kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini upande unaopepea. Kosa hili hutokea kila mahali, na picha zenu zikifika ubalozini mtasikia. Wimbo wa taifa nao uimbeni wenyewe. Tuni yake iko pia katika nyimbo za taifa za Zambia na Afrika Kusini, na rekodi ya haraka inaweza kuwaimbia maneno yasiyo yenu.

Mishumaa ya moto ndani ya mabweni ni marufuku karibu kila mahali, na king'ora kikilia jengo zima litatoka nje. Nunueni ya betri, au mkae nje.

Kagera, mkoa ilikotoka meli, ina Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, na msiba ule haukuchagua. Tangazo lisiseme "misa" kama hakuna padri. Iteni "kumbukumbu", halafu sheikh au Mwislamu mmoja aombe dua, na Mkristo mmoja asali, dakika tatu kila mmoja. Anayeongoza ratiba msimwite mshereheshaji, na kwenye tangazo lisiwepo neno "kusherehekea", ambalo programu za kutafsiri hupenda kulichomeka. Dakika ya ukimya ipimwe kwa saa ya mkononi. Kengele ya simu italia na wimbo ambao hakuna aliyeutegemea.

Chai ya rangi lita 8 inatosha watu 30, kikombe kimoja kimoja na ziada kidogo, na maandazi 60. Chakula kizito hugeuza mkutano kuwa sherehe. Michango ya fedha msiipitishe kama hamjakubaliana inakwenda wapi.

Aliyefiwa msimwite mbele kwa kushtukiza. Mwulizeni wiki moja kabla, faraghani, na akikataa msirudie. Akikubali, mwacheni azungumze kwa lugha anayotaka, Kihaya ikibidi, bila mkalimani wa kumkatiza katikati.

Mkimaliza, lile daftari la mlangoni lisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Katibu alitunze, na amkabidhi katibu wa mwaka ujao mkononi pamoja na muhuri wa jumuiya.