Upepo mmoja, kazi tatu

Swali lenu la wiki linauliza: kati ya maji, ukungu na mchanga, ni wapi upepo hufanya kazi kubwa zaidi? Naona vigumu kuvitenganisha, na mfano wangu ni pwani ya Namibia, ambako upepo uleule wa kutoka kusini unagusa vyote vitatu.

Naanza na bahari. Wimbi linapopita, maji huzunguka karibu mahali palepale. Kinachosafiri ni nguvu. Lakini upepo ukivuma siku nyingi mfululizo, maji ya juu huanza kusogea kweli, tena si moja kwa moja kule upepo unakoelekea. Katika safari ya meli ya Fram, 1893 hadi 1896, mvumbuzi wa Norway Fridtjof Nansen aliona barafu ya Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, ikienda upande wa kulia wa upepo. Mwaka 1905 mwanasayansi Vagn Walfrid Ekman wa Sweden akaeleza kwa hesabu kwamba chanzo ni mzunguko wa dunia. Kusini mwa ikweta maji hupinda kushoto. Kwa hiyo upepo unaopita kando ya Namibia huyaondoa maji ufukweni, na maji baridi ya kilindini huibuka kushika nafasi yake, yakiwa na virutubisho vinavyolisha samaki wengi mno.

Ukungu huzaliwa hapohapo. Hewa yenye unyevu hupoa juu ya maji hayo, mvuke ukawa matone madogo, kisha upepo wa baharini ukausukuma ukungu hadi jangwani. Huko kuna mbawakawa anayepanda ukingo wa tuta la mchanga, akainamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma. Matone hukusanyika mgongoni na kutiririka hadi kinywani. Kila nikimfikiria mdudu huyu nastaajabu upya.

Mchanga nao umetoka mbali. Mwingi uliletwa baharini na mto Orange, mawimbi yakaukokota kuelekea kaskazini, upepo ukaurudisha nchi kavu. Chembe zake nyingi hazipai angani kama vumbi, zinadunda: moja huinuka kidogo, huanguka mbele, hugonga nyingine nazo zikaruka. Chuchumaa kwenye mchanga mkavu siku ya upepo mkali, utaona pazia linalokimbia karibu na ardhi, na juu yake hewa safi. Chembe hupanda tuta na kurundikana kileleni; mteremko wa upande wa pili ukifikia nyuzi kama 34 huporomoka, na hivyo tuta zima husogea. Kaskazini matuta hukomea kwenye mto Kuiseb. Mto huo huwa mkavu muda mwingi, lakini mafuriko yake husomba mchanga unaojaribu kuvuka.

Mkinilazimisha kuchagua, nachagua maji. Bila maji baridi kuibuka, mbawakawa yule asingepata ukungu wa kunywa, na jangwa lenyewe lisingekuwa kavu kiasi hicho, maana hewa iliyopozwa na bahari hutulia chini badala ya kupanda na kuwa mawingu ya mvua.