Jibu: Wanaitikia, kisha wanafanya tofauti

Ndugu, umeuliza kwa nini vijana wako wa kiwanda cha minofu hapo Mwanza wanaitikia maelekezo, kisha wanakata sangara kivingine. Kuitikia kwao mara nyingi ni heshima tu. Huku kwetu kumuuliza mkubwa mara ya pili wengi wanaona ni utovu wa adabu. Basi usiishie kuuliza kama wameelewa. Mwambie mmoja akueleze kwa maneno yake atakavyofanya, tena mbali na kelele za mashine. Zamu zikipokezana, andika ubaoni: minofu yenye ngozi au isiyo na ngozi, uzito gani. Na anayeuliza, tafadhali sana, usimkaripie mbele ya wenzake. Ukimkaripia, kesho hakuna atakayekwambia hata barafu ikiisha.