Mama Mkwe Anataka Simu ya Mezani

SWALI: Habari zenu. Niko Umoja, kazi ni tao, mchana naacha mama mkwe na watoto wawili kwa nyumba. Tuliwaachia kabambe lakini nikipiga mara imeisha chaji mara iko chini ya mto, juzi ilipatikana kwa ndoo ya nguo chafu. Sasa mama anasema tuweke simu ya waya kama ile walikuwa nayo Buruburu, bwana yangu anacheka ati hizo ziliisha. Nani ako sawa?
Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama Wawili, wote wawili wako sawa, na sikwepi swali. Ile simu ya Buruburu naijua hata bila kuiona, iko kwa stuli yake kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kushonwa, na kwa ile tundu ya namba moja, kwa gurudumu ya kuzungusha namba, kuna kakufuli kadogo ndio watoto wasipige. Tulikuwa tunapiga tu, unagonga pale mkono wa simu unakaa, mara tatu ni tatu, sifuri mara kumi, ukikosea hesabu unaanza upya na baba yuko karibu kufika. Na kwa kweli ilikuwa na uzuri wake, stima ikipotea mtaa mzima yenyewe inalia tu juu stima yake ulikuwa unakuja na hizo hizo waya kutoka kwa exchenji, kile kituo cha kuunganisha simu.

Lakini bwana yako naye hajadanganya. Safaricom na KenCell (siku hizi ni Airtel) walipoingia 2000 watu waliokuwa wamengoja laini miaka wakanunua simu ya mkono siku moja, halafu wezi wa shaba wakamalizana na waya. Siku hizi ukiwekewa simu ya nyumba kupitia intaneti ya faiba, stima ikienda na rauta inazima, labda uwe na betri ya kuishikilia.

Sasa vile naona, shida yenu sio waya, ni simu inayotembea. Kuna simu za mezani zinaingia laini ya kawaida, ile kadi ya simu ya mkono, zina betri ndani, mama atainua mkono wa simu vile amezoea. Kabla ya kuiweka mahali angalia netiwaki hapo kwa kona, flati zingine za Umoja mpaka usimame dirishani. Sajili laini kwa kitambulisho chako, na usiweke pesa kwa M-Pesa ya hiyo laini maana wale wa “nimekutumia kimakosa, nirudishie” wakimpata mama ni hasara. Namba yako, ya jirani na 999 ziandikwe kubwa zibandikwe ukutani.

Kufuli usinunue. Kupigiwa ni bure, wewe usiweke kredo mingi tu, mtoto akitaka kuongea na wewe atakuflash.