Bomba Bovu Ndani ya Ukuta wa Mawe: Ushauri kwa Wenye Nyumba za Mji Mkongwe

Katika miaka yangu ya ufundi bomba hapa Unguja, kazi zilizonitoa jasho zaidi ni za nyumba za Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Mabomba yalikuja baadaye, mengi yakiwa ya chuma kilichopakwa zinki, yakapitishwa popote palipopatikana upenyo.

Doa la unyevu darini huwadanganya wengi, kwani maji hufuata boriti na kuchomoza mbali na yalikoanzia. Kabla ya fundi kugusa ukuta, fungeni koki zote muitazame mita, au, kwa nyumba inayotegemea tangi, tieni alama kwenye kimo cha maji usiku na mkitazame alfajiri. Mita ikiwa haikusogea, au maji ya tangi hayakupungua, shukuni bomba la maji machafu na sakafu ya bafu.

Bomba la chuma huliwa na kutu kwa ndani, na hudhoofika zaidi penye hesi, yaani mikato ya mzunguko ya kukazia viungo, kwa sababu zilipokatwa, chuma kilipungua unene na zinki ikaondoka. Fundi anayelilazimisha kwa spana atafungua kiungo cha nje huku cha pili, kilichofichika ukutani, kikivunjika, na hapo kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya wiki nzima. Mimi huliziba na kuliacha humo humo, kisha nikapitisha laini mpya ya plastiki juu ya ukuta, upande wa uwa wa ndani. Wapo wanaonung'unika kwamba haipendezi, na si uongo, ila siku ikivuja hakuna kitakachobomolewa. Kwa ukuta unaotazama mtaani, ulizeni kwanza kibali kwa mamlaka ya hifadhi.

Tundu lililotobolewa lizibwe kwa chokaa, ingawa mafundi wengi hupenda saruji kwa kuwa hukauka upesi. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi ya matumbawe ikajikusanya nyuma yake, na plasta ya jirani ikaanza kumomonyoka.

Bafu likiwa ghorofani na limevuja kwa muda mrefu, chomeni ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama bila kushindiliwa, aitwe seremala kwanza; mimi nitasubiri zamu yangu.